Kupunguza impedansi na kuyumba kwa mwale katika kichapuzi cha chembe: mwongozo wa kufanyia kazi ukiwa Lubumbashi

Fungu la protoni linapopita ndani ya bomba la chuma, huburuta mkondo wa umeme ukutani mwa bomba hilo na kuacha mawimbi nyuma yake, kama mtumbwi uachavyo mkia wa maji ziwani. Bomba likiwa la shaba, laini na lenye upana uleule kote, mkia huo ni mdogo. Likiwa na chumba cha pampu kilichoachwa wazi, mvukuto (kiungo chenye mikunjo) usiofunikwa au flanji (kiungo cha bolti) yenye mwanya, mawimbi hunaswa humo na kulingoja fungu linalofuata. Impedansi ya mwale ndiyo hesabu ya jambo hilo: kwa kila masafa, mwale unajirudishia volti ngapi kwa kila ampea unayobeba. Dhana hii ilianzia CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva, mwaka 1966, katika kazi ya Vittorio Vaccaro kuhusu kichapuzi cha ISR.

Madhara yake ni matatu: vipande vya mashine hupata joto, mafungu hurefuka na kutikisika mbele na nyuma, au mwale mzima huanza kuyumba kando hadi ugonge ukuta.

Kongo haina sinkrotroni, yaani kichapuzi cha duara cha aina hii. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kwenye karatasi, kwenye kompyuta ya mkononi na kwenye meza yenye bomba la shaba, na hayo yote Lubumbashi yanawezekana. Mwanafunzi wa Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyeizoea meza hiyo ataweza kufanya kazi katika kundi la kichapuzi popote. Fuata mpangilio huu: kwanza umbo, kisha metali, halafu vifyonza nishati, na mwisho kabisa vifaa vya kutuliza mwale. Wengi huanzia mwisho kwa sababu vifaa hivyo vinanunulika, ilhali umbo linadai kubishana na msanifu.

Hatua ya 1: bajeti ya impedansi

Fungua jedwali la kompyuta. Kila kipande ambacho mwale unakiona kipate mstari wake: bomba, mvukuto, flanji, chumba cha pampu, kipima nafasi ya mwale, kolimeta (taya zinazokata chembe za pembezoni mwa mwale), sumaku ya kurusha mwale. Andika nusu kipenyo cha ndani (b), urefu, metali, upana wa mwanya, na idadi. Safu ya idadi ndiyo inayodharauliwa zaidi. Kipande kisicho na neno kikiwa kimoja huwa balaa kikirudiwa mara mia kadhaa: mashine ya SPS ya CERN ilibidi ifunikiwe vyumba vyake vya pampu vilivyo kati ya sumaku, mamia kwa mamia, katika mapumziko yaliyoishia mwaka 2001. Mtikisiko wa masafa ya juu uliokuwa ukiyarefusha mafungu ulitoweka.

Hatua ya 2: hesabu ukuta wenyewe

Anza na kina cha ngozi, yaani unene wa metali unaobeba mkondo. Kwa shaba ya joto la kawaida ni mikromita 66 kwenye MHz 1, na mikromita 2.1 tu kwenye GHz 1. Kwa inoksi, chuma kisichoshika kutu, ni takriban mikromita 13.5 kwenye GHz 1, kwa kuwa ukinzani wake ni zaidi ya mara 40 ya ule wa shaba.

Impedansi ya mbele na nyuma kwa kila mita ni ukinzani wa metali ukigawanywa kwa 2π, kwa b na kwa kina cha ngozi. Chukua b = mm 20 kwenye GHz 1: shaba inatoa takriban milioomu 65 kwa mita, inoksi milioomu 420. Tofauti ni mara sita na nusu. Inoksi hupendwa kwa uimara wake na kwa jinsi inavyotunza ombwe, hivyo dawa ya kawaida ni kuipaka shaba kwa ndani. Utando wenye unene wa vina vya ngozi vitatu hutosha, na hesabu hiyo ifanywe kwenye masafa ya chini kabisa yanayokuhusu. Hapo ndipo watu hukosea: mikromita 10 za shaba zinatosha kabisa kwa GHz 1 na hazisaidii chochote kwa kHz 10, ambako kina cha ngozi ni mm 0.66.

LHC, kichapuzi kikubwa kuliko vyote cha CERN, ni mfano mzuri wa maafikiano hayo. Ndani ya sumaku zake mna bomba jembamba la inoksi lililopakwa mikromita 75 za shaba, linalokaa kati ya kelvini 5 na 20. Baridi hiyo huongeza sana uwezo wa shaba kupitisha umeme, kwa hiyo utando mwembamba unatosha hata kwa masafa ya chini. Kwa nini wasiweke shaba nene zaidi? Sumaku ya baridi kali ikipoteza ghafla hali yake ya kupitisha umeme bila ukinzani, uga wake huporomoka na kuzusha mikondo mikubwa ndani ya shaba. Shaba ikizidi unene, nguvu za mikondo hiyo zingelipinda bomba lenyewe.

Kwa kuyumba kando, sheria ni kali zaidi: impedansi ya ukuta hukua kwa kinyume cha b³. Kupunguza b kutoka mm 20 hadi mm 1 huizidisha mara 8,000 kwa kila mita. Ndiyo maana kolimeta, ambazo taya zake hukaribia mwale hadi kiasi cha milimita moja, hutawala bajeti ya LHC ingawa ni fupi. Katika mradi wa kuiboresha mashine hiyo, taya za kaboni hubadilishwa kwa molibdeni na grafiti zikiwa zimepakwa mikromita 5 za molibdeni.

Hatua ya 3: rekebisha umbo

Upana wa bomba ukibadilika, usiukate kama ngazi. Uteremshe. Kwa protoni, mteremko usiozidi digrii 15 ni kanuni nzuri. Kwa mashine za mwanga zenye mafungu mafupi ya elektroni, tafuta urefu mara 10 ya badiliko la nusu kipenyo ukipata nafasi.

Mashimo ya kupitishia hewa kwenda pampuni yagawanye. Impedansi ya tundu la duara hufuata kipenyo kwa kipeo cha tatu, ilhali hewa inayopita hufuata eneo. Tundu moja la mm 10 na matundu 25 ya mm 2 yana eneo sawa, lakini hayo 25 yana impedansi ya takriban moja ya tano. Nafuu zaidi ni nyufa nyembamba zinazofuata njia ya mwale, kwa sababu mkondo wa ukutani nao huenda njia hiyo hiyo na haukatwi. Ufa uliokatwa kwa upana wa bomba ni kosa la mchoro, hata uwe mwembamba namna gani. Na usizipange nyufa kwa umbali uleule: LHC ilibadilishabadilisha urefu na nafasi zake ili mawimbi ya nyufa nyingi yasijumlike.

Mivukuto ni suala la pekee. Wafua shaba wa Katanga waliitumia mivukuto kupuliza tanuru. Hapa inaruhusu bomba kurefuka na kufupika joto linapobadilika. Mikunjo yake, ikiachwa wazi kwa mwale, ni msururu wa vyumba vidogo vya mwangwi. Ifunike kwa vidole vya shaba na beriliamu vinavyoteleza, vikikandamiza kwa nguvu inayojulikana na kupimwa kidole kimoja kimoja. Kidole kilicholegea ni kibaya kuliko kutokuwa na kidole: mwanya mwembamba huwa na umeme mkali, hutoa cheche, na kidole huungua. Mwaka 2011 LHC ilikuta vidole vya aina hiyo vimepinda na kupata joto katika baadhi ya viungo vya mivukuto maradufu. Tahadhari moja ya afya: usipige msasa wala tupa kwenye shaba yenye beriliamu. Vumbi lake huharibu mapafu moja kwa moja.

Hatua ya 4: pima mezani

Hapa ndipo penye kazi ya mikono. Lengo ni kujenga kipande kibaya kwa makusudi, kukipima, kisha kukitibu na kupima tena.

Vifaa:

- bomba la shaba la nje mm 42, unene mm 1, ili ndani liwe mm 40. Tafuta kwa mafundi bomba au wauza vipuri vya majokofu. La mitraille, yaani la vyuma chakavu, linafaa kwa mazoezi kama halijabonyea, ila lioshe kwa siki na chumvi kisha maji safi, likauke kabisa.
- chumba cha duara cha shaba, ndani kipenyo mm 100 na urefu mm 60, chenye vifuniko viwili vilivyotobolewa mm 40. Mpelekee fundi wa kerezo, tourneur kama anavyoitwa hapa, mchoro wenye vipimo vya desimali moja.
- kipima mtandao wa redio. NanoVNA ya aina ya V2 hufika GHz 3 na ina betri, kwa hiyo umeme ukikatika kipimo hakikatiki.
- waya wa shaba wa mm 0.5, vipunguzi viwili vya dB 6, konekta za SMA, na rezista mbili za omu 180 na mbili za omu 33, zote zisizo za kuzungushia waya.

Kabla ya kupima, hesabu unachotarajia. Chumba cha nusu kipenyo mm 50 hulia, yaani hunasa mawimbi na kuyakuza, kwa mara ya kwanza karibu na GHz 2.295. Matundu ya bomba yatayapandisha masafa hayo kidogo. Bomba la mm 40 halipitishi mlio huo kwa sababu mpaka wake ni GHz 5.74, mawimbi hunaswa, yakipungua takriban mara tatu kwa kila sentimita unayoingia ndani ya bomba. Vipande vya bomba vya mm 150 kila upande vinatosha kabisa.

Kwanza pima bila waya. Chukua vijiti viwili vya shaba vya milimita chache vilivyolehemewa kwenye konekta, viingize kupitia ncha mbili za bomba hadi sentimita mbili au tatu kutoka kwenye chumba, kisha angalia S21, yaani sehemu ya mawimbi inayovuka kutoka kijiti kimoja hadi kingine. Kilele kisizidi −40 dB. Kikizidi, vijiti viko karibu mno na vinanyonya mlio wenyewe, virudishe nyuma. Q, kipimo cha ukali wa mlio, ni masafa ya kilele yakigawanywa kwa upana wake pale penye −3 dB.

Sasa mtego unaowapoteza wanaoanza. Hesabu ya chumba hiki kikiwa cha shaba kamili inatoa Q ya karibu 20,000, yaani kilele chenye upana wa kHz 115 tu. Ukifagia, yaani ukipima masafa mfululizo, kutoka GHz 1 hadi 3 kwa nukta 201, hatua yako ni MHz 10, na utaruka kilele bila kukiona, kisha uandike kwamba kipande ni safi. Fagia MHz 20 kwa MHz 20 hadi uone dalili, halafu bana upana hadi MHz 2. Q utakayopata itakuwa chini ya hesabu, mara nyingi sana, kwa sababu mkondo unapita kwenye viungo vya bolti. Ikiwa Q inabadilika unapogusa kifuniko, kiungo hakijakaa. Mwishoni mwa kiangazi vumbi jekundu huingia kwenye kila kiungo. Futa nyuso kwa alkoholi kabla ya kufunga, na kaza bolti kwa msalaba, si kwa mzunguko.

Kisha waya. Upitishe katikati ya bomba, ufunge ncha moja, na kwenye ncha nyingine pitisha kwenye gurudumu dogo na kuning'iniza uzito wa kilo 1. Kwa kipande cha mm 360 waya utabonyea mm 0.03 tu. Bomba na waya sasa ni kebo yenye impedansi ya 60 mara logi asilia ya (20 kwa 0.25), yaani omu 263. Kipima chako ni cha omu 50, kwa hiyo weka omu 213 mfululizo kila ncha: 180 na 33. Miguu ya rezista iwe mifupi kadiri mkono unavyoweza, kwani kwenye GHz 2 sentimita moja ya mguu ni koili. Vipunguzi vya dB 6 vikae kati ya kebo na rezista ili mawimbi yanayorudi yasizunguke. Ukiwa na kila kitu sawa, S21 ya bomba tupu itakaa karibu na −26 dB. Ikiwa mbali na hapo, tafuta lehemu mbovu kabla ya kulaumu nadharia.

Acha kipima kiwe kimewaka dakika 30, fanya kalibresheni na uihifadhi kwenye kumbukumbu ya kifaa. Pima bomba nyoofu la mm 360 kama rejea, kisha kipande chenye chumba, bila kugusa kebo katikati ya vipimo. Impedansi ni:

Z = −2 × 263 × ln(S21 ya kipande ÷ S21 ya rejea)

Shimo la dB 1 kwenye mchoro ni takriban omu 61. Kutokana na hesabu hiyo unaona pia ukomo wa meza: kosa la dB 0.01, ambalo kusogeza kebo kunatosha kulileta, ni omu 0.6. Usijaribu kupima zile milioomu 65 za ukuta kwa njia hii. Waya huona vyumba na mianya; ukuta ni wa kuhesabu. Kumbuka vilevile kwamba waya hufungua njia ya mawimbi kutoka chumbani, hivyo hushusha Q na kuyasogeza masafa. Amini Q ya vijiti, na utumie waya kulinganisha kabla na baada ya tiba.

Tiba yenyewe: kata bomba la shaba jembamba liwe vidole vya upana wa mm 5 vyenye nafasi ya mm 1 kati yao, livushe chumba kutoka tundu hadi tundu, na pima. Kilele cha GHz 2.3 kitatoweka au kubaki kivuli. Halafu legeza kidole kimoja kwa makusudi uone kinavyorudi. Zoezi hilo la dakika kumi linafundisha zaidi ya mhadhara wa saa mbili kuhusu ubora wa mguso.

Pale ambapo chumba hakifunikiki, kwa mfano kifaa chenye sehemu zinazosogea, tumia feraiti, kauri ya sumaku inayofyonza mawimbi. Haiondoi mlio, inashusha Q, na impedansi ya kilele hushuka nayo. Joto linalokuwa limetawanyika hukusanyika kwenye feraiti, ambayo ndani ya ombwe haina hewa ya kuipoza, na ikipita kiwango chake cha joto hupoteza sumaku na kuacha kufyonza. Ipandishwe juu ya metali yenye maji ya kupoza. Iweke pia penye uga wa sumaku wa mlio ule: kwa mlio wa kwanza wa chumba chetu ni kwenye ukuta wa pembeni, kamwe si katikati.

Kwa kompyuta, ABCI inatosha kwa maumbo ya duara, na Wakis, inayoendeshwa kwa Python, kwa maumbo yoyote. Zote hupatikana bila malipo. Jihadhari na urefu wa mkia unaohesabiwa. Ili kuuona upana wa kHz 115 programu ingehitaji mkia wa kilomita 2.6, jambo ambalo kompyuta yako haitaliweza. Milio mikali kama hiyo itafutwe kwa programu ya milio yenyewe. Na ukisoma R/Q (impedansi ya kilele ikigawanywa kwa Q) kutoka programu mbili, hakikisha zinatumia fasili moja: kuna ya saketi na ya vichapuzi vya mstari, na ya pili ni mara mbili ya kwanza.

Hatua ya 5: joto

Ili kupata joto kwa wati, zidisha chaji ya fungu kwa yenyewe, mara idadi ya mafungu yanayopita kwa sekunde, mara kipimo cha upotevu k cha kipande, kwa volti kwa kila pikokulombi (V/pC). Kwa LHC ya usanifu wa awali: protoni 1.15×10¹¹ kwa fungu, mafungu 2,808, mizunguko 11,245 kwa sekunde. Kila V/pC 0.001 ya upotevu inatoa wati 10.7. Wati 10 ni joto la balbu ndogo, lakini ndani ya ombwe, kwenye kidole chembamba, ni moto. Kwa sababu chaji inajizidisha, fungu lenye chaji maradufu huleta joto mara nne. Ikiwa mlio mkali umeangukia masafa ya kurudiarudia ya mafungu (MHz 40 na vizidishe vyake kwa nafasi ya nanosekunde 25), hesabu hii ya wastani haitoshi: joto huwa kubwa zaidi. Ukiwa bado mezani, usogeze mlio kwa kubadilisha urefu au kipenyo cha chumba.

Hatua ya 6: kabla ya kufunga, na baada ya mwale kuwaka

Kidole kilichopinda ndani ya bomba lililofungwa hakionekani. Mwaka 2007, baada ya sehemu moja ya LHC kupashwa joto, vidole vilikutwa vimejikunja kuelekea njia ya mwale. Wahandisi walitengeneza mpira wa plastiki wa mm 34 wenye kitoa mawimbi cha MHz 40, wakausukuma kwa hewa ndani ya bomba, na vipima nafasi ya mwale vikaufuatilia. Uliposimama, ndipo palipoziba. Kwa bomba lako la mezani, mpira wa plastiki na kamba ya uvuvi vinafanya kazi hiyo hiyo.

Mwale ukiwaka, pima masafa ya kuyumba kwake kwa chaji ndogo, kisha uongeze chaji hatua kwa hatua. Mteremko wa mstari huo unakupa impedansi ya mashine nzima, na ukizidi bajeti kwa mbali, kuna kipande ambacho hakimo kwenye jedwali lako.

Ukiona kuyumba, angalia kwanza kromatisiti, yaani jinsi masafa ya kuyumba yanavyobadilika na nishati ya chembe, kwa kuwa ni bure. Mashine inayofanya kazi juu ya nishati ya mpito (ambapo chembe yenye nishati zaidi huanza kuchukua muda mrefu zaidi kuzunguka) inaitaka iwe chanya kidogo. Chini ya mpito, hasi. Kuisahau ishara hiyo baada ya kuvuka mpito ni chanzo cha kawaida kabisa cha kupoteza mwale. Kisha oktupoli, sumaku za ncha nane: hizi huwapa protoni masafa yanayotofautiana ili zisiyumbe kwa pamoja. LHC ina 168 kwa kila mwale kwa ajili hiyo. Ukizizidisha, protoni za pembezoni hupotea na uhai wa mwale hufupika, kwa hiyo panda kidogo kidogo ukiangalia upotevu.

Kitulizi cha mrejesho huja mwisho. Kinapima nafasi ya fungu, kinasubiri, kisha kinalisukuma fungu lilelile upande wa pili. Kwa mafungu ya kila nanosekunde 25 kinahitaji upana wa MHz 20. Faida ya 0.1 kwa mzunguko hutuliza kwa mizunguko 20, yaani milisekunde 1.8 kwa LHC. Weka ucheleweshaji kwa usahihi wa sehemu ndogo ya nafasi ya fungu, kisha fazi, na faida iwe chini kabisa unapowasha mara ya kwanza. Ikiwa kuyumba kunakua haraka zaidi baada ya kuwasha, ishara imegeuka: zima, geuza nyuzi 180, na uanze tena kwa chaji ndogo.